Mkono Mmoja kwa Mbuzi, Mmoja kwa Simu

Kidole gumba changu ni kifupi. Sikuwahi kukijali mpaka nilipopata kazi ya kupiga picha mbuzi huku nimemshika mbuzi huyohuyo.

Kazi yenyewe ilikuwa katika soko la mifugo la Garissa. Nilifika hapo kama nilivyofika kila mahali, nikipita. Niliacha shule darasa la saba, kwetu Mwingi, si kwa sababu ya karo wala ugonjwa. Mwalimu alikuwa akieleza kitu kilekile wiki nzima, na nje kulikuwa na lori la mawe ambalo sikujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimechimba visima, nimepaka rangi mabango ya maduka, nimeuza miwa. Garissa nilishuka kununua maji ya kunywa tu. Nikaona ngamia akipandishwa lorini, watu wakimsukuma kwa nyuma na kubishana kwa mbele, nikasimama kutazama. Gari lililonileta likaondoka.

Aliyenipa kazi alikuwa dalali, mtu anayesimama kati ya mfugaji na mnunuzi mpaka wakubaliane. Nilimwita abti, yaani mjomba, naye akaniita abti vilevile, maana kwa Wasomali jina hilo huenda na kurudi. Mjomba humwita mpwa wake kwa jina lilelile analoitwa yeye. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko mshahara. Sijakaa mahali pengine ambapo mtu mwenye ndevu nyekundu za hina ananiita kama ninavyomwita.

Wanunuzi wake wengi walikuwa Nairobi na hawakutaka tena kuja kila Jumatano kula vumbi. Walitaka kumwona mbuzi kwenye simu. Kwa hiyo mimi nilimshika mbuzi, nikampiga picha ubavuni, nikamfunua mdomo nikapiga meno, nikamgeuza nikapiga nyuma na kiuno, kisha nikatuma. Abti mwenyewe mikono yake haikuwa na nafasi. Bei za pale hupangwa kwa vidole. Watu wawili hushikana mkono, wakatupia kitambaa juu yake, na chini ya kitambaa huko ndiko mazungumzo yanakofanyika. Kidole hiki kikishikwa ni neno moja, viwili vikifinywa ni jingine. Walio pembeni huona nyuso mbili tu zinazotazama mbali kana kwamba zinasubiri mvua. Niliwaomba wengi wanifundishe lugha hiyo ya vidole. Walinipa chai.

Basi mbuzi aliachiwa mimi peke yangu, na hapo ndipo simu yangu iliponishinda. Ilikuwa pana kama sinia. Nikiishika kwa mkono mmoja, kidole gumba hakifiki panapobonyezwa. Nikiishika kwa mikono miwili, mbuzi anaondoka. Na jua la saa sita likiwaka, kamera yake iligeuza mbuzi mweupe kuwa mwanga mtupu wenye pembe.

Jumatano moja mbuzi alinitoroka namna hiyo. Akapita mbio katikati ya Abti na mnunuzi waliokuwa wameshikana mkono, akaondoka na kitambaa kwenye pembe zake. Vidole vyao vikabaki wazi mbele ya soko zima, na kila mtu akaiona bei. Wazee wale wawili walitahayari kama watu waliofunguliwa mlango wa bafu.

Abti alikasirika, lakini hasira yake haikuwa ya kudumu.

"Abti," aliniambia, "tafuta simu ya mkono mmoja."

Nikaanza kuzunguka mjini. Katika duka la kwanza nilimkuta kijana aliyelelewa Nairobi, kofia imegeuzwa nyuma.

"Nataka ndogo," nilimwambia. "Iingie mfuko wa shati. Lakini iwe na kamera kali, isiogope vumbi wala maji, na chaji ikae kutwa."

Akaniwekea mulika mwizi juu ya meza, ile simu ya vitufe yenye tochi. "Ndogo ndiyo hiyo, buda."

"Haina kamera."

"Iko na tochi."

"Nataka kamera."

Akatoa nyingine, kubwa kuliko ile yangu. "Hii kamera yake ni moto. Unapiga mpaka mwezi."

"Mimi sipigi mwezi. Napiga mbuzi."

"Buda, wewe unataka injini ya lori kwa mwili wa bodaboda."

"Ndiyo hiyohiyo. Unayo?"

Hakuwa nayo, na katika maduka mengine nilipata jibu lilelile. Kila simu ndogo niliyoonyeshwa ilikuwa imepewa kamera ya kubahatisha na betri inayokufa kabla ya chakula cha mchana, kana kwamba mtu mwenye kiganja kidogo ana mahitaji madogo. Nilianza kuwauliza watu wasiohusika. Mwalimu mmoja kutoka Murang'a aliyepangwa huku aliniambia watu wanataka kioo kikubwa ili watazame mpira. Nilimuuliza kwa nini asinunue televisheni. Akasema anayo.

Dereva wa lori ndiye aliyenipa habari. Alikuwa akipeleka mbuzi na sukari Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko alikuwa amemwona mama mwenye duka akiwa na simu ndogo kama sabuni ya kuogea iliyotumika nusu.

"Picha zake je?" nikamuuliza.

"Alipiga picha ngamia wangu. Nikahesabu kupe."

Safari yake iliyofuata nilikuwa pembeni yake. Mchanga, miba, vizuizi vya polisi ambapo kitambulisho changu kilisomwa mbele na nyuma, kisha mchanga tena. Sikuuona sana. Nilikuwa najiambia kwamba dereva ametia chumvi ili apate mtu wa kuongea naye njiani.

Hakuwa ametia chumvi. Duka lilikuwa la mabati, lina sukari, tambi, maziwa ya unga na ndala za plastiki zilizoning'inizwa kwa kamba. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na simu ilikuwa imeegemea mzani. Nilimsalimia, nikamwita eddo, shangazi.

"Mimi si mzee," akasema. "Niite walaal, kama ndugu. Unanunua nini?"

"Naomba kuishika simu yako."

Akacheka, akanipa. Nilifunga kiganja, ikapotea humo. Kidole gumba changu kilifika pembe zote nne bila kujinyoosha. Sikuwa nimewahi kujisikia mrefu hivyo. Nilipiga picha ya mlango uliokuwa na jua kali nyuma yake, na kila kitu kikatokea, jua, mlango, na nzi aliyekuwa juu ya mlango.

"Dada yangu iko nje, ndiye alituma," akaeleza, p ikimtoka kama b na v kama f. "Akasema hii ni ghali, haiogobi maji, haiogobi kuanguka. Lakini macho yangu si ya simu hii. Nikimbigia fideo namwona kama dudu."

"Niuzie."

"Abana. Zawadi siuzi. Nikiuza, besa inaingia dukani inabotea. Dada yangu akiuliza simu iko wabi nitamwonyesha nini? Sukari?"

"Sasa unataka nini?"

Alikwisha kuitazama simu yangu, sinia lile lililochomoza mfukoni. "Nataka kubwa kama hiyo. Na mbuzi ya maziwa. Mbuzi naweza kumwonyesha."

Ilikuwa haki kabisa, na ilinichoma, kwa sababu nilikuwa na mbuzi mmoja tu duniani. Abti alinipa jike hilo baada ya kuona nakaribia mwaka bila kuhama. Alisema mtu wa kutembea kama mimi lazima afungwe kamba upande wa pili. Mbuzi aliishi pamoja na mbuzi wa Abti pembezoni mwa mji, karibu na mto, na mke wa Abti ndiye aliyemkamua. Alikuwa amezaa karibuni. Nilikuwa na desturi ya kwenda kumtazama tu, kama mtu anavyotazama kiwanja chake.

"Ninaye," nikasema.

Lakini mbuzi alikuwa Garissa, na mama hakuweza kutoka kambini bila kibali. Akafikiri kidogo huku akipima sukari ya mtoto wa jirani.

"Enda na simu yangu," akasema. "Yako ibaki huku. Nibigie mbuzi na hiyo kamera yake nione fizuri. Nikimbenda, imekwisha. Nisibombenda, lori ikirudi simu yangu inarudi nayo. Lakini nani anakujua?"

Tukampigia Abti, sauti ikawekwa juu. Waliongea Kisomali, na dereva akaninong'oneza kilichokuwa kikiendelea. Walikuwa wanapanda ukoo, baba wa baba wa baba, kila mmoja kwa upande wake, wakitafuta mahali pa kukutana. Nilisimama pale nikisikiliza majina ya watu waliokufa zamani, na simu yangu ikiwategemea wao. Mwishowe wakampata babu mmoja, sauti zao zikalegea, na mama akahamia Kiswahili ili nami nifaidi.

"Huyu anakuita abti. Dada yako ameolewa Ukambani?"

"Bado," Abti akajibu. "Yeye hakungoja."

"Akiboteza simu yangu?"

"Njoo kwangu. Kwake usiende, hana mlango."

Ikatosha. Tulichokoa laini zetu kwa mwiba wa mgunga, kila mmoja akaingiza yake katika simu ya mwenzake, nami nikapanda lori nikiwa na sabuni ile mfukoni mwa shati. Njia yote nilikuwa naigusa.

Jioni iliyofuata nilikwenda kwa mbuzi wangu. Naapa sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikifungua kila kilichomo ndani ya simu ile, na nikagundua namna moja ya kupiga picha ambapo uso hutokea wazi na vingine vyote nyuma hugeuka ukungu laini. Nilipiga magoti. Mwanga ulikuwa umeinama, wa rangi ya chai ya maziwa. Nikampiga mbuzi wangu picha ambayo mpaka leo sijapiga nzuri kuliko hiyo. Kila unywele wa ndevu zake ulionekana. Macho yake yalikuwa na heshima. Nikatuma, nikasubiri sifa.

Simu ikalia.

"Walaal, hii nini?"

"Ni mbuzi."

"Naona uso. Nyuma kuna ukungu. Kiwele iko wabi?"

"Kamera inafanya hivyo ili uso upendeze."

"Mimi naoa mbuzi?"

Nikasikia duka zima likicheka. Wateja walikuwa wamemzunguka, na simu yangu ya zamani, kwa upana wake, iliwatosha wote. Kila mmoja alikuwa na maoni. Mmoja alisema mbuzi ni kilema wa nyuma ndiyo maana amefunikwa. Mwingine alisema kichwa ni cha mbuzi huyu na mwili ni wa mwingine.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwaka mzima nilikuwa nimepiga picha za ubavu, meno na kiwele, nikijua fika kwamba hakuna anayenunua sura. Nikapewa kamera nzuri siku moja tu, nikasahau kazi yangu.

Nilikimbia upande wa pili nikapiga kiwele, miguu, mgongo, vyote wazi bila ukungu, nikatuma. Haikusaidia.

"Ya kwanza ulificha," akasema. "Hizi umetengeneza. Mimi najua simu. Dada yangu ni mkubwa kwangu, na kwa bicha ni msichana."

"Sijatengeneza chochote."

"Basi nionyeshe maziwa inatoka. Kesho asubuhi, fideo, hakuna kukata. Lori inatoka saa nne. Nisiboona maziwa, mbe derefa simu yangu."

Asubuhi nilimkuta Abti ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyewahi kiti kwenye sherehe. Mke wake aliniachia mbuzi bila kumkamua, akanipa kopo refu la bati, akaingia ndani, lakini pazia la mlango halikutulia. Mwanambuzi alifungwa karibu ili mama yake aachilie maziwa.

"Utanishikia simu?" nikamwomba Abti.

"Mimi nashika pembe. Simu ni yako, kiwele ni chako. Ulitaka ya mkono mmoja."

Nikampigia mama. Sura yake ikatokea, na nyuma yake wateja, wengine nadhani hawakuwa na haja ya sukari siku hiyo. Nikachuchumaa. Mkono wa kulia ulikuwa na simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kidole gumba kilikuwa kinatosha. Kopo nikalibana kwa magoti. Mkono wa kushoto nikaupeleka kwenye chuchu.

Hakukutoka kitu.

"Naona mkono," akasema mama. "Maziwa sioni."

"Unavuta," Abti akaniambia. "Huyo si kengele. Bana juu, halafu shuka."

Nikabana juu, nikashuka. Uzi mweupe ukagonga bati, sauti yake nyembamba kama ya msumari. Ukafuata wa pili. Kule Dagahaley wakasogelea kioo. Nilikamua polepole, kisha kwa kujiamini, kisha kwa majivuno, maziwa yakipanda kwenye kopo na povu juu yake, nami nikaanza kueleza kama mtangazaji wa redio: angalia rangi, angalia povu, angalia mbuzi alivyotulia.

Mbuzi alisikia akisifiwa akainua mguu. Hakupiga teke la nguvu, alinisukuma tu kiwiko kwa kwato. Simu ikatoka mkononi, ikageuka hewani, ikaingia kwenye kopo kichwa mbele.

Abti akaziachia pembe. Mimi sikusogea. Kutoka ndani ya kopo ilisikika sauti, ya mbali, ya mtu aliye chini ya kitu:

"Walaal? Walaal, naona nyeube."

Nikaichomoa. Maziwa yalichuruzika kwenye kamera, yakanifikia kwenye kiwiko. Kioo kilikuwa kinawaka. Mama alikuwepo, wateja walikuwepo, wote wameinamisha vichwa upande mmoja.

"Ilikuwa nini hiyo?"

"Imeanguka ndani ya maziwa," nikasema. Sikuona faida ya kusema vingine.

"Imezama mbaka wabi?"

"Kamera yote. Na nusu ya kioo."

Akageuka kuwaambia wenzake kwa Kisomali. Walibishana, wakicheka, na niliona mtu mmoja akionyesha kimo kwa kidole na kiganja, mwingine akikipunguza.

"Ile kubwa ingekaa juu ya kopo kama mfuniko," Abti akasema, akizifuata pembe tena.

Mama akarudi. "Haye. Maziwa nimeona. Nimeona kutoka ndani. Mbuzi nataka."

Nilikuwa nimefungua mdomo kushukuru.

"Na mtoto wake," akaongeza.

"Mtoto hakuwemo kwenye maneno yetu."

"Mtoto akibaki, mama atalia njia yote, maziwa itakauka. Na simu yangu umetia kwa maziwa, walaal. Ukinirudishia hiyo nitamwambia dada yangu nini? Inanuka."

Nikamtazama Abti, dalali wa miaka yote, anisaidie. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa chake cha begani, na mabega yake yanatikisika. Nyuma ya pazia pia kulikuwa na mtu anayecheka. Nilikuwa nimechuchumaa, maziwa hadi kiwiko, simu mkononi ikiwa hai. Kama kuna hali mbaya zaidi ya kupatana bei, sijaiona bado.

"Haya," nikasema. "Na mtoto wake."

Wale wateja wakapiga makofi. Sijui walikuwa wananipongeza au wanampongeza yeye.

Tuliwapandisha lorini saa nne, mbuzi mbele, mwanambuzi mikononi mwa utingo. Mbuzi wangu hakugeuka kunitazama. Alikuwa anakula kona ya gunia la dereva. Niliwapiga picha wakiondoka, kutoka nyuma, kila kitu wazi.

Abti alisimama kando yangu mpaka vumbi likatua.

"Abti," akasema, "nilikupa kitu cha kukuweka, umekibadilisha na kitu cha kubeba. Sasa utaondoka."

"Labda," nikamwambia. "Lakini kwanza nataka kuijaribu sokoni."

Niliingoja Jumatano kwa hamu. Niliisuuza kwa maji safi kama alivyoelekeza yule kijana wa mjini mwenye kofia ya nyuma, ambaye aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza nimeitoa wapi, akanisihi nimtafutie nyingine. Kuona iliona vizuri. Kusikika, kwa muda mrefu kila aliyenipigia alisikika kama amejifunika blanketi, nami vilevile kwake, na nzi wa soko waliujua mfuko wa shati langu. Mnunuzi mmoja wa Nairobi alidhani nimepata mafua, akaniombea.

Jumatano ilipofika, Abti alilazimika kuniita mara kadhaa, maana nilikuwa ndani kabisa ya zizi, katikati ya mbuzi wa watu waliotoka Kotile. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika sikio la beberu mmoja mkubwa mwenye hasira. Wa kulia ulikuwa umemaliza ubavu na meno, unakwenda nyuma. Beberu alijivuta, nikajivuta naye, kidole gumba kikabonyeza.

"Nakuja," nikamjibu. "Bado kiuno."